Udongo Niliobeba kwa Karai

Mimi si mutu wa masomo. Niliishia mwaka wa tatu wa shule ya msingi, baba aliposema kwamba kujua kuandika jina langu kunatosha. Kwa hiyo nitaandika sawa vile ninavyosema, na mwenye kutaka Kiswahili cha padri akakitafute kwa padri. Jina la mutu sitaandika hata moja. Lakini nitasema nani alifanya nini, kila mumoja na kazi yake, kila mumoja na mulango wake, na wanaonijua hapa Kalemie watajua ninamusema nani. Wao wenyewe watajijua mbele ya wengine wote.

Wa kwanza ni wale waliotufukuza. Tulikuwa na shamba kwenye njia ya Bendera, mihogo na maharagwe, na mbuzi sita. Aliyechoma nyumba yangu alikuwa fundi wa baiskeli wa pale kwenye njia panda. Alikuwa amekula kwangu mara nyingi, hata alikuwa anajua mahali ninapoficha chumvi. Bwana yangu na watoto wangu wawili walibaki kule. Namna walivyobaki sitaeleza. Nilitoka na binti mumoja, ambaye leo ameolewa Moba, na nilitoka na jembe lisilo na mupini. Wengine walikimbia na sufuria na magodoro. Mimi nilikimbia na jembe, na mpaka leo sijui mukono wangu ulilichukua kwa sababu gani.

Tulifika Katanika, tukakaa pale chini ya bashi miaka minne. Bashi ni lile turubai wanalogawia wakimbizi. Mchana linakupika, asubuhi linakudondoshea maji usoni. Udongo wa pale ulikanyagwa na miguu mingi mpaka ukawa sawa sementi. Watoto walikuwa wanacheza juu yake, haukutoka hata vumbi. Pale njo nilianza kutaka kitu kimoja tu katika dunia hii: kipande cha udongo ambacho hakuna mutu atakuja kunifukuza juu yake. Sikutaka nyumba. Bwana mwingine sikutaka kabisa. Nilitaka udongo, na yote nitakayoeleza hapa ni juu ya udongo huo.

Wa pili ni agronome, bwana shamba wa mradi. Alikuja kambini na buti safi za mpira, akatukusanya akina mama, akachora kilima kidogo kwenye karatoni. Chini majani makavu, juu yake majani mabichi, juu yake mavi ya mbuzi, kisha majivu, kisha maji, kisha unaanza tena. Katikati unasimamisha kijiti kirefu. Ukichomoa kijiti kikiwa cha moto, kilima kinafanya kazi. Kikiwa cha baridi, kimelala. Hiyo haikunishangaza sana, kwa sababu mama yangu alikuwa anazika majani chini ya matuta, na aliijua kazi hiyo bila karatoni. Yeye agronome aliiita komposti. Mafundi wa boti kutoka Kigoma wanaiita mboji, na mimi nilishika hiyo ya mboji kwa sababu mudomo wangu ulikubali.

Kisha akatufundisha chai. Unatia mboji iliyoiva kwenye mufuko wa gunia, unaufunga, unaushusha ndani ya pipa la maji sawa vile mutu anavyoshusha majani ya chai. Unakoroga asubuhi na jioni siku tatu. Yale maji yakitoa povu na harufu ya pori baada ya mvua, unayapunguza na maji mengine, unamwagia mashina. Akina mama walicheka. Mumoja aliuliza kama sukari inatoka kwenye mradi ao kila mutu aje na yake.

Chai ile haikufanya kitu. Siku tatu, hakuna povu, hakuna harufu. Lengalenga zetu, ile mboga ya muchicha, zilibaki njano sawa macho ya mugonjwa. Agronome alisema hatukukoroga vizuri. Siku ya wakubwa wake kuja na picha, alinunua shu sokoni, ndiyo kabichi, shu kubwa za mutu mwingine, akamupa kila mama ya kwake aishike kwenye kifua. Kwenye ile picha mimi niko musitari wa mbele na shu ambayo sikupanda. Mwezi uliofuata alikwisha kuondoka.

Ni mimi niliyeona makosa yalikuwa wapi. Maji ya kambi yalikuwa na ile dawa ya kuua vijidudu vya kolera. Nikajisemea, kama inaua vijidudu vya tumbo, itaacha vya mboji kwa nini? Nikaacha maji kwenye beseni wazi, jua na upepo, mpaka harufu ya dawa ikaisha. Nikatia mufuko. Siku ya pili povu lilikuwa limejaa juu sawa pombe ya muhindi. Hakuna mutu aliyekuja kupiga picha siku ile.

Na kuna neno moja agronome hakutuambia, wala hatukumuuliza: udongo ukishapona, unakuwa wa nani.

Wa tatu alikuwa Papa mumoja, vile tunavyoita wazee, mukubwa wa shirika letu la kanisa, mwenye kufanya kazi zamani kwenye reli. Kambi ilipopunguzwa nilipanga chumba karibu na kwake. Aliniona ninalima kwenye ukingo wa njia, akanionea huruma, ao alinionea kitu kingine, sijui. Alikuwa na kipande nyuma ya nyumba yake, kwenye mteremuko, mahali walipochimba na kuchoma matofali miaka mingi. Udongo ulikuwa umeungua. Jembe likigonga, lilikuwa linalia sawa umegonga bati. Aliniambia nilime tu, kile kipande hakina kazi. Nikamuomba tuandike hata musitari mumoja.

"Karatasi ya nini, Mama?" akasema. "Si tuko wa shirika moja?"

Bibi yake wa ndoa alikuwa amekaa kwenye kivuli cha jikoni, anachambua muchele. Aliniangalia muda murefu, kisha akarudi kwenye muchele wake. Niliona aibu ya kuomba mara ya pili.

Basi nikaanza. Juu ya matofali yaliyovunjika, mahali ambapo hata nyasi ziliogopa, nikaanza kuweka udongo. Nilikusanya maganda ya mihogo kwa wapika sombe ya majani ya mihogo, maganda ya maharagwe, majani ya ndizi, majivu ya wanaobanika samaki, mavi ya mbuzi pale wanapochinjia. Maji nilipanda nayo kutoka ziwani, bidon kichwani, lile dumu la plastiki. Watu walinipa jina la Mama wa Uchafu. Kijana wa piki alikuwa anapunguza mwendo akinipita: "Mama, leo kunapikwa nini? Inanukia." Nilikuwa ninamujibu kwamba ninapika arusi yake. Alicheka. Mimi sikucheka, lakini nilijibu.

Rafiki yangu wa pekee alikuwa mama mumoja muuza samaki, mwenye nyumba chini kabisa, karibu na maji. Mama munene, mwenye sauti ya kuamsha mutaa. Alikuwa anaanika ndagala, wale dagaa wa ziwa, kwenye muchanga, na samaki wakubwa alikuwa anawalaza ndani ya mapipa yaliyokatwa, kwenye maji ya chumvi nzito, ile chumvi ya Uvinza inayovuka ziwa kutoka Kigoma. Kwake njo nilipata chakula kizuri cha mboji yangu. Mvua ikinyesha na ndagala ziko chini, zinaharibika, zinaanza kutoa mafunza, na akina mama wote wa pwani wanalia. Mimi nilikuwa ninachukua karai ninashuka. Katika Kalemie yote nilikuwa mutu mumoja tu mwenye kufurahi mvua ikinyeshea ndagala za wenzake. Rafiki yangu alikuwa ananiona kwa mbali, anapiga kelele: "Ficheni samaki, muchawi anashuka!" Kisha ananijazia karai.

Mara moja nilikosea. Nilikuta kwake mabaki ya samaki wa chumvi, vichwa na matumbo, nikayabeba, nikayazika katikati ya kilima kipya. Baada ya wiki nilichomoa kijiti: baridi. Nikageuza kilima, nikakuta vitu vimelala vile vile nilivyovilaza, hakuna ukungu, hakuna funza hata mumoja. Nilimwagia pembeni miche ya biringanya maji yaliyotoka pale, yakaiunguza majani. Nilishuka kumuuliza. Alinivuta mukono mpaka nyuma ya nyumba, mahali anapomwaga maji ya chumvi yaliyotumika. Palikuwa peupe sawa ukurutu. Alisema anamwaga pale tangu binti yake wa kwanza yuko tumboni, na hakijaota kitu, hata ile nyasi ambayo mutu hawezi kuimaliza. Akaniambia nichukue ndagala za kuoza, za chumvi nisiguse.

Nilishika neno lile. Ningelisahau ingekuwa afadhali.

Miaka mitatu nililisha kile kipande. Mwaka wa kwanza kilikula kila kitu na hakikurudisha. Mwaka wa pili lengalenga zilifika magotini. Mwaka wa tatu ulikuwa unatia mukono ndani ya tuta, unaingia mpaka kiwiko bila kusukuma, udongo mweusi, wa kushikamana kidogo na kuachana, na minyoo ya udongo minene imejipinda ndani yake. Kila wiki nilikuwa ninatengeneza chai. Ninaipunguza mpaka iwe na rangi ya chai ya maskini, kisha ninatembea kinyumenyume kati ya matuta na kikombe, kila shina kikombe kimoja, ili nisikanyage mahali palipolowa. Saa ile njo nilikuwa ninasahau. Si kusahau kabisa. Lakini fundi wa baiskeli alikuwa anakaa mbali kidogo.

Akina mama wa shirika walikuja kununua mboga kwangu wakisema ni tamu. Papa mwenye kipande alikuwa anapita, anasalimia, anapewa fungu lake la bure, anashukuru. Sikumunyima hata siku moja.

Kisha Dimanshi moja alikuja baada ya misa, na nguo zake za kanisani, na mukwe wake nyuma. Hawakunisalimia kwanza. Papa aliinama, akachota udongo, akauminya, akaunusa sawa mutu anayenunua tumbaku. Akamupa mukwe wake naye anuse. Kisha akanitazama na uso muzuri kabisa.

"Mama," akasema, "udongo imepona."

Hapo njo nilijua. Hakuna neno lingine lililobaki, mengine yalikuwa ya adabu tu. Alisema mukwe wake anataka kulima tomati za kuuza, alisema ninajua maisha yalivyo, alisema maharagwe yangu niyavune kwa amani, yeye si mutu mubaya. Nilimuuliza kama anakumbuka alinipa nini miaka mitatu nyuma. Akajibu kwamba alinipa udongo wake, na sasa anaomba udongo wake.

Nilikwenda kwenye biro ya shefu wa kartie, mukubwa wa mutaa wetu. Nilikwenda bila kiburi, na kuku chini ya mukono sawa desturi. Shefu aliita pande zote mbili, na watu wakajaa mulangoni, kwa sababu hakuna kitu kinachovuta watu sawa maneno ya kiwanja. Papa alieleza vizuri, yeye ni mutu wa kusoma masomo kanisani. Kila mutu alikubali kwa kichwa. Nami nilijua kwamba kama ni udongo wa kukanyaga, nimeshindwa. Kwa hiyo sikugombania udongo wa kukanyaga.

"Papa shefu," nikasema, "mutu akijenga kwenye kiwanja cha mwingine, siku anaondolewa, mabati anayafanya nini?"

"Anashusha mabati yake."

"Na milango?"

"Anabeba. Wewe hujui?"

"Ninajua. Basi, mimi pale sikujenga nyumba. Nilijenga udongo. Nilikuta matofali yaliyoungua, mashahidi wako hapa. Ninaomba nishushe udongo wangu nibebe."

Walicheka mpaka nje. Mumoja aliuliza kama nitaomba pia kivuli cha maharagwe. Lakini shefu hakucheka, alikuwa anakuna shavu, kwa sababu desturi ya mabati sisi wote tunaishi nayo, na mwenyewe alikuwa ameamua kesi za namna ile mara nyingi. Papa njo aliyemusaidia. Alikuwa amecheka kuliko wote, anapangusa macho.

"Muache abebe," akasema. "Karai mbili tu, atachoka."

Shefu akakata neno: nichimbe mpaka jembe liguse vipande vya matofali. Kilicho juu ya matofali ni changu. Kilicho chini ni cha Papa.

Nilibeba siku kumi na moja. Karai kichwani, kuteremuka kwenda, kupanda kurudi. Rafiki yangu muuza samaki alinipa sehemu kwenye kiwanja chake, upande wa ziwa, mbali na pale anapomwaga chumvi. Akina mama wanne tuliokaa pamoja Katanika walikuja kunisaidia siku za kwanza, kisha kila mumoja akarudi kwenye shida zake. Siku ya tatu Papa hakuwa anacheka tena. Siku ya sita alisimama kwenye kona ya nyumba, mikono nyuma, anaona kiwanja chake kinashuka, kinakuwa shimo. Alitaka kwenda kwa shefu, lakini neno lilikuwa lake, na kartie yote ililisikia. Jembe langu, lile la kutoka shamba la Bendera, lilikuwa linakwaruza matofali na ninasikia raha mbaya ndani ya meno.

Ningesimama pale, leo ningeandika kama mutu aliyeonewa, na basi.

Wa nne ni mimi. Siku ya kumi na moja, udongo ulikuwa umekwisha kushuka wote. Ilikuwa saa sita ya mchana, shirika lote lilikuwa limekwenda kwenye mazishi ya mutu upande wa pili wa muji. Nilimuambia rafiki yangu nitamusaidia kumwaga maji yake ya chumvi. Alishukuru. Nilijaza bidon, nikaipandisha pale juu. Mara nne nilipanda. Na sikumwaga hovyo, sawa mutu mwenye hasira. Nilichukua kile kikombe changu cha chai, nikatembea kinyumenyume kutoka kona mpaka kona, pole pole, kikombe kwa kikombe, ili chumvi ifike kila mahali na nisiikanyage. Mukono ulifanya vile ulivyozoea. Jua lilikuwa kali, maji yalikauka mbele yangu, yakaacha weupe. Niliosha kikombe, nikashuka.

Mukwe alileta udongo kidogo wa mahali pengine, akapanda tomati. Zilitoka zikiwa zimejikunja, zikafa. Alipanda tena, zikafa tena, akaenda zake. Papa alisema kwenye shirika kwamba niliondoka na uhai wa kiwanja kwa dawa za kwetu. Waliniita, wakaniuliza mbele ya musalaba. Nikajibu, "Nilibeba tu kile nilicholeta." Hakuna neno la uongo ndani yake, na bado ni uongo mukubwa kuliko wote niliosema katika maisha yangu.

Udongo wangu ulikaa kwa rafiki yangu musimu mumoja na nusu. Kisha ziwa likapanda. Lilikuwa limeanza kupanda kidogo kidogo, watu wanasogeza mitumbwi, wanasogeza majiko, wanasema litarudi. Halikurudi. Liliingia kwenye njia, likaingia kwenye nyumba. Asubuhi moja nilifika nikakuta matuta yangu yanayeyuka. Maji mbele ya nyumba yalikuwa meusi, weusi wa udongo wangu, na weusi ule ulikuwa unasogea pole pole kwenda ndani, mpaka ukapotea kwenye rangi ya maji mengine. Miaka mitatu na siku kumi na moja za karai. Nilijaribu kuokoa kwa mikono, ukapita kati ya vidole.

Nilikuwa nimezoea kuwa na mutu wa kumulaumu, na ziwa halina mulango. Kwa hiyo nilimulaumu rafiki yangu. Nilimuambia alinipa mahali pa ziwa, akijua. Nyumba yake mwenyewe ilikuwa na maji mpaka kwenye dirisha, mapipa yake yalikuwa yanaelea. Alinitazama tu, yeye mwenye sauti ya kuamsha mutaa. Alihamia kwa ndugu yake Moba, na hatujasemezana tena. Huyo simuandiki kati ya wabaya. Ninaandika kwamba nilimupoteza.

Papa mwenye kipande alikufa mwaka uliofuata, kwa ugonjwa wa figo. Nilikwenda kwenye matanga, nikakaa nyuma. Baada ya arobaini, mujane wake alituma mutu kuniita. Nilimukuta mahali pale pale, kwenye kivuli cha jikoni, na ungo wa muchele juu ya magoti. Hakunipa kiti. Nikakaa kwenye jiwe.

Alisema mvua ikinyesha, maji yanalala kwenye lile shimo siku nyingi, na yakikauka panabaki peupe. Alisema mukwe hatumi kitu, watoto wako mbali, na yeye anataka mboga karibu na mulango. Nikafikiri anataka kuninunua, ao anataka kuniomba musamaha wa bwana yake. Nikaanza kutengeneza uso wa kukubali.

"Nilikuona na ile bidon," akasema. "Mara nne. Sikuenda kwenye mazishi, mugongo ulikuwa unaniuma. Nilikuwa hapa."

Aliendelea kuchambua muchele.

"Papa sikumuambia. Angekupeleka kwa polisi. Na mimi nilijua amekukosea, nilimuambia siku ile ile ya karatasi." Akatupa kijiwe. "Lakini mimi nilikukosea nini, Mama? Mimi pia nilikuwa ninakula kwenye udongo ule. Umeua, sasa uponyeshe."

Kuku walikuwa wanapita kati yetu. Mwisho nikauliza kile nilichopaswa kuuliza tangu kambini.

"Na ikipona, itakuwa ya nani?"

Aliinua uso. Nadhani ilikuwa karibu acheke.

"Iponye kwanza. Siku ile njo tutagombana."

Huu ni musimu wa pili wa mvua tangu siku ile. Nimetoboa matofali na kukata mutaro kwenye upande wa chini wa shimo, ili mvua ipite ndani ya udongo, ioshe chumvi na kutoka nayo, badala ya kulala. Nimeanza kilima kipya cha mboji, lakini ndagala ni za kuomba kwa watu wengine, na hawanijazii karai. Nimeanza tena pipa la chai. Kila asubuhi ninachota udongo kwa vidole viwili, ninaweka kwenye ulimi, kwa sababu sina chombo kingine cha kupima chumvi. Lengalenga nilizojaribu mwezi uliopita zilitoka, zikafika urefu wa kidole, zikaungua nchani.

Jana mujane alitoka jikoni na fimbo yake, akashuka mpaka ndani ya shimo, kitu ambacho hajafanya tangu tuanze. Aliinama kwa shida. Alichota, akaweka naye kwenye ulimi, akafunga macho. Nilingoja. Alitema mate ya chumvi, akajipangusa mudomo na kitenge, akarudi nyumbani.

Nikachukua kijiti, nikakoroga pipa.